Kazi Hubadilika: Kuli, Kulabu na Sanduku la Chuma

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo kuanza

Kuli – mtu apakiaye na kupakua mizigo bandarini.
Shehena – mizigo ya chombo.
Tishari – mashua pana ya kupelekea mizigo kati ya meli na pwani.
Kulabu – chuma chenye ncha iliyopindwa, cha kuvutia magunia.
Kontena – sanduku kubwa la chuma la kusafirishia mizigo.
Tarakimu – alama ya namba, tangu 0 hata 9.

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kukaa, ana daftari na kalamu yake, na redio inasikika vema hata kwa wale waliokaa nyuma. Kama kuna mwenzenu ambaye macho yake hayaoni vizuri, mpisheni akae karibu na ubao.

Leo hatutajifunza silabi mpya. Leo tutazungumza juu ya swali ambalo watu wengi huliuliza usiku, wakati watoto wamelala na nyumba imetulia. Swali lenyewe ni hili: "Kazi niliyoizoea inabadilika. Je, nitakwenda nayo, au itaniacha njiani?" Fundi cherehani huliuliza anapoona nguo zilizoshonwa tayari zikiuzwa sokoni kwa bei ndogo. Karani huliuliza anapoona mashine mpya imewekwa juu ya meza yake. Mlinzi, dereva, mkulima wa shamba la kampuni, wote huliuliza.

Ili tusizungumze hewani, tutachukua kazi moja tu, tuifuate tangu zamani hata leo. Kazi hiyo ni ya kupakia na kupakua meli. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu wengi wa pwani yetu wameifanya, wao au baba zao. Pili, sijui kazi nyingine iliyobadilika kwa haraka na kwa ukamilifu kama hiyo. Basi sikilizeni, na kila mtu aipime kazi yake mwenyewe kwa kipimo hicho.

Kazi ya bega

Zamani meli kubwa zilipoingia Dar es Salaam zilitia nanga katikati ya bandari. Hazikuweza kuegesha ukingoni, kwa kuwa hapakuwa na gati lenye kina cha kutosha. Mizigo ilishushwa kwa winchi ya meli mpaka katika matishari, nayo matishari yakavutwa mpaka pwani. Pale pwani makuli waliipokea mizigo ile, wakaibeba, wakaipanga katika bohari. Mwaka 1956 magati matatu yenye kina kirefu yalifunguliwa Dar es Salaam, na tangu hapo meli ziliweza kuegesha ubavu kwa ubavu na nchi kavu. Kule Mombasa, katika bandari ya Kilindini, magati ya namna hiyo yalikuwako tangu miaka ya 1920.

Lakini hata palipokuwa na gati, kazi ilikuwa ni kazi ya mwili. Genge la makuli lilishuka katika tumbo la meli, ambamo mna joto na vumbi. Kila mtu alikuwa na kulabu yake mkononi. Walivuta magunia ya kahawa, wakayapanga juu ya wavu wa kamba. Mtu wa ishara akanyosha mkono. Mwendesha winchi akauinua wavu ule polepole ukapita hewani. Marobota ya katani, masanduku ya chai, mapipa ya mafuta, mifuko ya saruji, kila kitu kilikuwa na namna yake ya kushikwa. Pembeni alisimama karani wa shehena, na daftari mkononi, akipiga vijistari: vinne vimesimama, na cha tano kinavikata. Meli moja iliweza kukaa bandarini juma zima, na pengine zaidi, ikipakua na kupakia.

Msidhani ya kuwa kazi hiyo haikuwa na ujuzi. Kuli mzuri alijua kwamba mzigo mzito hukaa chini na mwepesi juu, la sivyo meli itayumba. Alijua kwamba shehena yenye harufu haiwekwi karibu na chai, maana chai huvuta harufu. Alijua fundo la kamba litakalofunguka upesi na lile lisilofunguka kabisa. Aliutambua uzito wa gunia kabla hajalinyanyua. Ujuzi huo hakuna aliyeuandika. Ulikaa katika kichwa na katika mikono ya watu.

Na watu hao hawakuwa wanyonge wa kudharauliwa. Mwaka 1947 makuli wa Mombasa na wafanyakazi wenzao waligoma, na mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, wakidai mshahara wa kumtosha mtu. Walijua thamani ya kazi yao, kwa kuwa bandari ikisimama, nchi nzima husikia.

Sanduku la chuma

Sasa sikilizeni vizuri tarehe hii. Mwaka 1956, mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilifungua magati yake matatu, jambo jingine lilitokea mbali sana na hapa. Tarehe 26 Aprili, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, karibu na New York nchini Marekani, kwenda Houston. Juu ya sitaha yake ilichukua masanduku makubwa 58. Mwenye meli alikuwa Malcom McLean, mtu ambaye hakuwa baharia. Yeye alikuwa na magari ya mizigo. Alijiuliza hivi: kwa nini tunatoa mizigo kutoka katika gari, kipande kwa kipande, na kuiweka katika meli kipande kwa kipande, kisha mwisho wa safari tunaitoa tena kipande kwa kipande? Je, si afadhali kuliinua sanduku zima la gari pamoja na vyote vilivyomo?

Hesabu yake ilikuwa ya ajabu. Wakati ule kupakia tani moja ya mizigo mchanganyiko kuliwagharimu wenye meli karibu dola 6 za Kimarekani. Kwa masanduku yale ilikadiriwa kuwa tani hiyohiyo itapakiwa kwa gharama isiyofika senti 20. Mfanyabiashara akiziona hesabu kama hizo, hataki tena kusikia habari za kulabu.

Hebu tuone kwa mfano wa kwetu. Kontena la futi 20 huingia kiasi cha magunia 320 ya kahawa, kila gunia kilo 60. Zamani magunia 320 yalikuwa ni safari 320 za bega. Leo kreni huliinua kontena hilo mara moja, kwa dakika chache tu. Meli iliyokaa bandarini juma zima sasa huweza kuondoka baada ya siku moja au mbili. Bandari ya Mombasa peke yake hupitisha zaidi ya makontena milioni 1 kwa mwaka, kwa hesabu ya makontena ya futi 20.

Basi mwajua yaliyofuata. Katika bandari nyingi za dunia mahali palipohitaji genge zima pakahitaji watu wachache. Watu wengi walipoteza kazi, nao hawakuipoteza kwa uvivu wala kwa ujinga. Nalisema jambo hili wazi, kwa sababu wako wasemaji wanaotaka kumlaumu kila aliyeachishwa kazi kana kwamba ni kosa lake. Si kweli. Mabadiliko mengine huja kama mafuriko. Lakini hata katika mafuriko, yuko aliyeyaona maji mapema akahamisha vyombo vyake, na yuko aliyesema, "Maji haya hayatafika kwangu."

Bandari mbili

Nitawapa mifano miwili, nanyi mpime wenyewe.

Mfano wa kwanza ni wa pwani ya magharibi ya Marekani. Makuli wa huko walikuwa na chama chenye nguvu, na kiongozi wao aliitwa Harry Bridges, mzaliwa wa Australia. Kwa miaka mingi chama hicho kilipinga mashine. Lakini katika miaka ya 1950 wanachama walikaa, wakajadiliana kwa muda mrefu. Waliona kwamba mashine zitakuja tu, watake wasitake. Wakajiuliza swali jingine: "Kama zitakuja, sisi tutapata nini?" Mwaka 1960 walifanya mapatano na waajiri. Waajiri waliruhusiwa kuleta mashine. Nao, kwa upande wao, waliahidi kwamba makuli walioandikishwa hawataachishwa kazi kwa sababu ya mashine hizo, na wakakubali kuweka dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko wa kuwalinda makuli na kuwasaidia wazee wapumzike mapema.

Baadaye bandari ya San Francisco yenyewe ilikosa nafasi ya kupanga makontena, na meli zikahamia Oakland, ng'ambo ya pili ya ghuba. Lakini mapatano yalikuwa ya pwani nzima, kwa hiyo kuli aliyeandikishwa aliifuata kazi kule ilikokwenda. Si kwamba mapatano yale hayakuwa na kasoro. Vijana walioingia baadaye walinung'unika kwamba wazee walilindwa kuliko wao, na mwaka 1971 makuli hao waligoma tena. Hata hivyo walikuwa wamekwisha kaa mezani wakati bado wana kitu cha kuuza.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Mwaka 1968 gati jipya la makontena lilikuwa tayari Tilbury, kwenye mto Thames, chini kidogo ya London. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na madai yake, tena mengi yalikuwa ya haki. Kikakataza wanachama wake wasiyaguse makontena katika gati lile mpaka madai yamalizwe. Katazo hilo lilidumu hata mwaka 1970. Lakini meli hazikusubiri. Nyingine zilikwenda Felixstowe, bandari ndogo ya mashariki, ambayo ilikuwa imekwisha fungua gati lake la makontena. Leo Felixstowe ndiyo bandari kubwa kuliko zote za makontena nchini Uingereza. Na zile bandari za zamani za London, katikati ya mji, zilifungwa moja baada ya moja, tangu mwaka 1967 hata mwaka 1981. Si kwamba katazo la Tilbury ndilo lililozifunga. Mto haukuwa na kina cha kutosha kwa meli kubwa, wala hapakuwa na nafasi ya kupanga masanduku. Lakini tunajifunza hili: anayesema "hapana" tu, bila ya kusema "nataka hiki badala ya kile," humwachia mwingine nafasi yake.

Wahenga walisema: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Hawakusema ukimbie kinyozi. Walisema ujitayarishe.

Namba ubavuni

Sasa, wanafunzi, shikeni kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali shika chaki.

Kila kontena duniani lina namba yake ubavuni. Namba hiyo si mapambo. Ndiyo jina la kontena. Nitaisoma moja polepole, nanyi mwiandike.

Herufi ya kwanza ni C. Ya pili ni S. Ya tatu ni Q. Herufi Q hatuitumii katika Kiswahili. Huandikwa kama duara lenye mkia mdogo chini, upande wa kulia. Ya nne ni U. Sasa tarakimu: 3, 0, 5, 4, 3, 8. Halafu tarakimu moja ya mwisho, mara nyingi huzungushiwa kisanduku: 3.

Ubaoni sasa mnaona hivi: CSQU 305438 3.

Herufi tatu za kwanza ni alama ya mwenye kontena. U ni alama ya kuonyesha kwamba hili ni kontena la mizigo. Tarakimu sita ni namba ya sanduku lenyewe. Na ile ya mwisho ni ya nini? Ile ni mlinzi. Hupatikana kwa hesabu kutokana na herufi na tarakimu zote zilizoitangulia. Kama karani akikosea kuandika, mathalani akageuza 5 na 4, akaandika 304538, hesabu haitatoa 3 tena. Itatoa 1. Mashine italia, au itakataa, na kosa litaonekana kabla kontena la dawa halijapelekwa kwa mtu aliyeagiza misumari.

Mwaona sasa? Zamani karani wa shehena alipiga vijistari. Leo hushika kijimashine mkononi, akasoma herufi na tarakimu hizi. Kuli wa zamani aliweza kufanya kazi miaka 30 bila ya kujua kusoma, na akawa kuli hodari. Mfanyakazi wa gati la leo hawezi kumaliza hata asubuhi moja. Anasoma namba. Anasoma kibandiko cha hatari kinachosema kwamba ndani mna kemikali zinazoshika moto. Anasoma kipimo cha joto katika kontena la baridi lililojaa samaki au parachichi, maana likipanda digrii chache tu, mali ya mtu imeoza.

Kazi imehama kutoka begani ikaenda machoni. Na ninyi, ndugu zangu, mnaohangaika usiku na silabi na hesabu, mnafanya nini? Mnaifuata kazi kule ilikohamia. Asiwepo mtu wa kuwacheka kwa sababu mnakaa katika madawati ya watoto.

Kilichopotea na kilichobaki

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Katika kila kazi mna vitu viwili: mna chombo, na mna ujuzi. Chombo ni kulabu, ni cherehani, ni taipureta, ni daftari. Ujuzi ni kujua kwa nini jambo hufanywa hivi na si vile. Chombo hubadilika upesi. Ujuzi hudumu. Mtu anayejidhania kuwa yeye ni mtu wa kulabu, siku kulabu inapotupwa hutupwa nayo. Mtu anayejijua kwamba yeye ni mtu wa shehena, huweka kulabu chini akashika kitu kingine.

Nitatoa ushahidi. Tumesema kuli wa zamani alijua kwamba mzigo mzito hukaa chini. Je, meli za makontena zimeiacha kanuni hiyo? Hata kidogo! Makontena hupangwa moja juu ya jingine kama matofali, na lile zito likiwekwa juu, safu nzima huweza kuanguka baharini. Tatizo lilikuwa kwamba watu waliandika uzito wa uongo katika karatasi. Kwa hiyo, tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya kimataifa ya usalama wa bahari inaamuru kila kontena lijulikane uzito wake wa kweli kabla ya kupakiwa. Jambo ambalo mzee wa kulabu alilijua kwa bega lake, dunia imelirudia kwa mizani.

Basi mzee huyo, kama angejifunza kusoma mizani na karatasi zake, angekuwa bora kuliko kijana ajuaye mashine tu na asijue kwa nini meli huyumba. Mzee akikosa chombo kipya, hukwama. Na kijana akikosa ujuzi wa zamani, huhatarisha watu. Wakikutana wawili hao, kazi hutengenea.

Mambo manne ya kufanya

Sasa nitataja mambo manne. Mwalimu, andika neno moja moja tu ubaoni: Tenga, Tangulia, Ungana, Cheti.

La kwanza, tenga. Chukua daftari lako, upige mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika vyombo unavyovitumia kazini. Upande wa pili andika mambo unayoyajua. Fundi cherehani ataandika upande mmoja: cherehani ya mguu, mkasi, futi ya kamba. Upande wa pili: kupima mwili wa mtu, kujua kitambaa kitakachojikunja kikifuliwa, kurekebisha nguo isiyomkaa mtu. Haya! Zile nguo zilizoshonwa tayari, je, humkaa kila mtu? Hazimkai. Upande wa pili wa ukurasa bado una chakula.

La pili, tangulia. Jifunze chombo kipya wakati bado una kazi, si baada ya kuipoteza. Mwenye kazi anaweza kumwomba mwenzake amwonyeshe wakati wa mapumziko. Anaweza kusimama karibu na mashine akaona namna inavyowashwa. Asiye na kazi hafiki hata langoni. Tena usione haya kufundishwa na mtu aliye mdogo kwako. Mwambie, "Mwanangu, hebu nionyeshe tena polepole." Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutikisa kichwa kana kwamba umeelewa, kisha ukaharibu.

La tatu, ungana. Mtu mmoja akimwendea mwajiri akamwambia, "Mashine hii itaninyima kazi," mwajiri humwona mnung'unikaji. Watu 40 wakienda kwa utaratibu, kwa njia ya chama chao, wakasema, "Mashine na ije, lakini tufundishwe sisi kwanza kabla hamjatafuta wageni, na wazee wetu walipwe haki yao," hayo ni mazungumzo. Mmesikia mfano wa mwaka 1960. Jambo hili halijazeeka. Mwezi wa Oktoba 2024 makuli wa pwani ya mashariki ya Marekani waligoma kwa siku tatu, na moja ya hoja zao ilikuwa ni mashine zinazojiendesha zenyewe.

La nne, cheti. Wengi wenu mna ujuzi ambao hakuna karatasi inayoushuhudia. Waajiri hubadilika. Katika bandari ya Dar es Salaam kampuni ya TICTS iliendesha kituo cha makontena tangu mwaka 2000 hata mwisho wa mwaka 2022, kisha wakaja wengine. Bwana mpya hakujui. Hajui kwamba ulifanya kazi miaka 15 bila ya kuvunja kitu. Huuliza karatasi. Nchini Tanzania, VETA ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ufundi kazini, bila ya kupita chuoni, na akifaulu hupewa cheti. Kwa kazi za bandari kiko Chuo cha Bandari Dar es Salaam, na Mombasa kiko chuo kiitwacho Bandari Maritime Academy. Nendeni mkaulize masharti yao. Na kama fomu ina maneno magumu, ileteni hapa darasani, muisome pamoja.

Najua yuko mmoja miongoni mwenu anayesema moyoni, "Mimi nimekwisha zeeka. Mambo haya ni ya watoto." Ndugu yangu, sitakudanganya kwamba kila mtu atakuwa mwendesha kreni. Wala sitakuambia kwamba ukijifunza kontena leo, mabadiliko yamekwisha. Kule Rotterdam, tangu mwaka 1993, yako magari yanayobeba makontena bila ya dereva ndani. Hata huyo aliyechukua nafasi ya kuli wa kulabu, naye yuko anayemkaribia kwa nyuma. Kwa hiyo hatujifunzi chombo kimoja ili tukae nacho mpaka tufe. Tunajifunza namna ya kujifunza. Na namna hiyo wewe umekwisha ianza. Siku ya kwanza ulipokuja hapa kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe. Leo umeandika namba ya kontena, hata herufi ambayo haimo katika lugha yako. Je, huo si ushahidi?

Kila zama na kitabu chake. Tofauti yetu na wazee wetu ni kwamba kitabu cha zama hizi, sisi tunaweza kukifungua na kukisoma.

Redio itanyamaza sasa. Mwalimu wa darasa, kazi ni yako. Wanafunzi, zungumzeni kwa uhuru, asiwepo mtu wa kumkatiza mwenzake. Kwaherini, hadi somo lijalo.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Kuli wa zamani alijua mambo gani ambayo bado yanatakiwa katika meli za leo?
2. Makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani walikubali nini mwaka 1960, nao walipata nini?
3. Kwa nini meli hazikusubiri Tilbury? Je, unadhani chama kingeweza kufanya nini kingine?
4. Tarakimu ya mwisho katika namba ya kontena ina faida gani?
5. Katika kazi yako, ni kitu gani kimebadilika tangu ulipoianza? Nani alipata faida, na nani alipata hasara?

Kazi ya nyumbani

Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika vyombo vitano unavyovitumia kazini au shambani. Upande wa kulia andika mambo matano unayoyajua ambayo mtu mwingine hawezi kuyajua kwa siku moja. Chini yake andika sentensi moja inayoanza kwa maneno haya: "Kabla mwaka huu haujaisha nitajifunza..." Uilete darasani, uisome mbele ya wenzako kwa sauti.